Polisi mstaafu anataka kuandika riwaya na filamu za uhalifu: aanzie wapi?

Swali: Mimi ni askari mstaafu, naishi Morogoro. Nimelitumikia jeshi la polisi miaka 27, mingi nikiwa upelelezi, na nina madaftari niliyokuwa naandika kumbukumbu za kesi. Kijana wangu amenionyesha habari za Joseph Wambaugh, polisi wa Marekani aliyegeuka mwandishi mkubwa wa riwaya na filamu za uhalifu. Je, na mimi naweza? Uzoefu wa kazi unatosha? Nianze na riwaya au filamu? Na ninaruhusiwa kuandika kesi nilizozipeleleza mwenyewe, hata kwa jina la bandia?

Jibu: Afande, shikamoo.

Unaweza. Ila uzoefu peke yake hautoshi. Kijana wako amekuchagulia mfano mzuri kuliko anavyodhani, kwa sababu maisha ya Wambaugh yanajibu karibu kila ulichouliza, pamoja na yale ambayo wanaomsifu hupenda kuyaruka.

Tuanze na hilo la uzoefu. Wambaugh alizaliwa mwaka 1937 huko East Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, baba yake akiwa polisi. Akiwa na miaka 17 aliingia kikosi cha Marine, na mwaka 1960 akajiunga na polisi ya Los Angeles, alikokaa miaka 14 hadi cheo cha sajenti wa upelelezi. Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa. Isiyosimuliwa sana ni kwamba kijana huyo alikuwa na shahada ya fasihi ya Kiingereza, na akiwa bado anashika zamu na kwenda mahakamani kutoa ushahidi, aliendelea kusoma hadi akapata shahada ya uzamili. Kabla hajawa mwandishi alikuwa msomaji. Kazi yangu ni kuhariri riwaya za upelelezi na kupitia skripti, na miswada ya askari wa zamani huja mezani kwangu. Kurasa chache za mwanzo hunitosha kujua kama huyu husoma riwaya au huangalia tamthilia tu. Kwa hiyo, kabla ya madaftari, soma. Soma hata vitabu vibaya, ujue kwa nini vimekuchosha.

Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1971 naye yuko kazini. Ni kisa cha vijana watatu tangu chuo cha polisi hadi ghasia za Watts, mtaa wa Los Angeles, za Agosti 1965. Wakubwa wake hawakufurahi, kwani hakuwa amepeleka muswada kuombewa idhini. Kelele zile zilikitangaza kitabu, na mwaka uliofuata kikawa filamu akiigiza George C. Scott. Ikafuata riwaya ya askari wa doria anayekaribia kustaafu, kisha mwaka 1973 kitabu cha kesi ya kweli, nitakachokirudia. Muda wote huo alikuwa anaingia ofisini asubuhi kama wenzake. Kilichomtoa ni umaarufu: simu za kituoni zilikuwa zinamtafuta mwandishi, si mpelelezi, na watuhumiwa walitaka kuzungumzia filamu. Mwenyewe alisimulia kwamba siku mwenzake wa muda mrefu alipomfungulia mlango wa gari, alijua mambo yamekwisha. Mwaka 1974 akaacha kazi. Wewe umeshastaafu, hilo halikuhusu, lakini angalia alivyofanya: aliandika vitabu vitatu kabla ya kuachia mshahara.

Sasa kuhusu madaftari yako. Unayaona kama hazina, na kwa kiasi fulani ni kweli, ila nina wasiwasi kuwa hazina yenyewe huioni ilipo. Askari wengi wanaoniletea kazi huamini msomaji anataka kujua jinsi kesi ilivyopelelezwa: nani alitoa taarifa, alama za vidole zilipatikana wapi, mtego uliwekwaje. Wambaugh alishikilia kinyume chake maisha yake yote. Kwake, hadithi haikuwa jinsi polisi anavyoifanyia kazi kesi. Ilikuwa jinsi kesi inavyomfanyia kazi polisi.

Kitabu cha mwaka 1973, The Onion Field, ndicho kinachoonyesha hilo kwa uchungu zaidi. Usiku wa tarehe 9 Machi 1963, askari kanzu wawili, Ian Campbell na Karl Hettinger, walisimamisha gari moja mtaani Hollywood. Ndani walikuwamo majambazi wawili wadogo, Gregory Powell na Jimmy Lee Smith. Powell alimwekea Campbell bastola, na Hettinger, kwa kuokoa maisha ya mwenzake, akaisalimisha yake. Wakapelekwa mbali kaskazini, hadi kwenye shamba la vitunguu karibu na Bakersfield. Campbell akauawa pale. Hettinger akakimbia gizani na kunusurika.

Mwandishi wa kawaida angemalizia hapo, au kwenye kukamatwa, maana wauaji walikamatwa upesi. Kwa Wambaugh hapo ndipo kitabu kinaanza kuuma. Idara ilitoa waraka wa kuwaonya askari wasisalimishe silaha kamwe, na kila aliyeusoma alijua anasemwa nani. Hettinger alipelekwa kwenye mikutano ya kuanza zamu awasimulie wenzake yaliyompata, yaani asimame mbele ya wanaume wenye sare na kueleza kwa nini yeye yu hai. Kesi ikarudiwa mahakamani miaka na miaka, na kila mara alipanda kizimbani kuuishi upya usiku ule. Aliyekuwa mwaminifu akaanza kuiba vitu vidogo madukani, na mwaka 1966 akaacha kazi. Hakuna aliyemwambia kwamba anaumwa, kwa sababu kwenye idara ile ugonjwa wa namna ile haukuwa unahesabika.

Wambaugh alikuwa askari wa idara hiyo hiyo. Angeweza kuandika kwa kumbukumbu za porojo za kantini. Badala yake alichukua likizo ndefu, akasoma maelfu ya kurasa za mwenendo wa kesi, akawahoji watu wengi, wauaji wakiwamo. Yaani ujuzi wa upelelezi aliutumia kukusanya, na ujuzi wa fasihi akautumia kuamua kitabu kimtazame nani.

Kwa hiyo fungua daftari lako lolote na uache kutafuta kesi kubwa. Tafuta iliyokukosesha usingizi, au iliyomfanya mwenzako aanze kunywa, au ile ambayo mlimpata mhalifu na hakuna aliyefurahi. Inawezekana iliandikwa mistari minne tu.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la lugha. Miaka 27 ya kuandika maelezo ya onyo na kujaza majalada imekutia mkono wa kipolisi. Sikulaumu, kazi ilitaka hivyo. Lakini naletewa riwaya zinazoanza hivi: “Mnamo tarehe 14 majira ya saa 8 usiku huko maeneo ya Kihonda, askari waliokuwa doria walifanikiwa kumkamata mtuhumiwa akiwa na runinga moja idhaniwayo kuwa ni mali ya wizi.” Sentensi hiyo imetengenezwa ili isibishiwe na wakili. Imefuta kila mtu: askari hawana majina, mtuhumiwa hana uso, na runinga ina maelezo mengi kuliko wote.

Chukua tukio hilo hilo, uliandike kama lilivyokuwa. Konstebo mgeni kazini amekaa kaunta, kalamu yake imekauka katikati ya maelezo. Anaitikisa, anaipulizia, anachora miduara pembeni ya karatasi. Mtuhumiwa, aliyekaa sakafuni bila mkanda wala viatu, anamtazama kwa huruma, kisha anasema, “Afande, mule kwenye vitu vyangu mlivyochukua kuna peni.” Konstebo anaifuata. Anaandika nayo maelezo yote ya kumfunga mwenye peni, na akimaliza anashukuru, na anaona haya kwa kushukuru. Hilo halitaingia kwenye jalada. Ila msomaji sasa ana watu wawili wa kuwafuata, na amecheka kidogo, jambo ambalo Wambaugh alilijali mno. Vichekesho vyake vya kituoni ni vikali, mara nyingine vichafu, kwa sababu ndivyo askari wanavyozungumza wakiwa peke yao baada ya kuona maiti. Wewe unavijua vya kwetu. Andika jinsi wanavyotaniana ndani ya Difenda saa 10 alfajiri, si jinsi wanavyozungumza mbele ya RPC, kamanda wa polisi wa mkoa.

Niongeze neno juu ya nafasi iliyopo katika Kiswahili, maana naona watu hawaitazami vizuri. Wapelelezi wetu maarufu wa riwaya si polisi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ni mtu mwenye kiko na akili zake. Joram Kiango wa Ben Mtobwa anajitegemea. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni jasusi. Katika riwaya nyingi za aina hii polisi huja mwishoni na pingu, au huja mapema akakosea ili shujaa apate kung'ara. Hata Kenya, kisa cha ujambazi wa Nairobi kilichosomwa na watu wengi zaidi, kilichotoka mwaka 1984, kiliandikwa na John Kiriamiti, aliyekuwa amefungwa kwa ujambazi wenyewe. Mwizi amesema. Polisi wa kawaida, anayekaa nyumba ya kota yenye chumba kimoja na watoto wanne, anayehamishwa kituo wiki mbili kabla ya mitihani ya mwanawe, bado hajasema vya kutosha. Kama ningekuwa mchapishaji, hicho ndicho ningekinunua, si mtego mwingine wa dawa za kulevya bandarini.

Riwaya au filamu? Riwaya kwanza, na sababu yangu ni ya kibiashara kuliko ya kisanaa. Riwaya ni mali yako kamili. Skripti isiyopigwa picha ni karatasi. Mtayarishaji anaweza kukusikiliza ukisimulia wazo, akanywa chai yako, na mwakani ukaliona kwenye king'amuzi bila jina lako. Wazo halilindwi na sheria ya hakimiliki, maandishi ndiyo yanayolindwa. Ukiwa na kitabu kilichochapishwa, mazungumzo yanaanza mahali pengine kabisa. Na kama hujapata mchapishaji, kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na kuna waandishi wanaouza riwaya zao sehemu kwa sehemu kupitia WhatsApp. Njia hii ya pili wasomi huibeza, lakini inafundisha kumaliza kila sura na msomaji akiwa na kiu.

Kwenye filamu Wambaugh alionja matamu na machungu. Mwaka 1973 alibuni Police Story ya televisheni ya NBC, mfululizo ambao kila wiki ulikuwa na kisa kipya na askari wapya, hivyo haukuhitaji shujaa mmoja asiyekufa. Uliendelea hadi mwaka 1978, na ukatunukiwa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kama tamthilia bora mwaka 1976. Alipigana sana na watayarishaji waliotaka risasi zaidi na mazungumzo pungufu. Kisha ikaja The Choirboys, riwaya yake ya mwaka 1975 kuhusu askari wanaomaliza zamu za usiku kwa kulewa bustanini. Alipoona jinsi ilivyogeuzwa kwenye filamu ya mwaka 1977 alikwenda mahakamani, na jina lake likaondolewa. Jambo alilofanya baada ya hapo ndilo ninalolipenda: The Onion Field aliiandikia skripti mwenyewe, yeye na mkewe wakatafuta fedha kwa jamaa na marafiki, na filamu ikatoka mwaka 1979 kama alivyoitaka. Iliyofuata, The Black Marble, ilimpatia tuzo ya Edgar ya uandishi wa filamu.

Huna marafiki wenye mamilioni ya dola, najua. Lakini fundisho la mkataba ni lile lile. Ukiuza haki za kitabu, mkataba useme ni kwa muda gani, ni kwa filamu moja au hata mwendelezo, jina lako litaandikwaje, na haki zinarudi lini kwako kama hawajapiga picha. Kipengele hicho cha mwisho watu hukisahau, na kazi hulala kabatini miaka kumi. Sajili maandishi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujamtumia mtu.

Kama hata hivyo moyo wako uko kwenye tamthilia, mtazame pia Ed Burns. Alikuwa polisi Baltimore miaka 20, upelelezi wa mauaji na dawa za kulevya, kisha akawa mwalimu wa shule, ndipo akashirikiana na mwandishi wa habari David Simon kuunda The Wire, iliyoonyeshwa HBO kuanzia mwaka 2002 hadi 2008. Burns hakuwa peke yake hata siku moja. Alikuwa na mwenzake anayejua kuandika, na meza ya waandishi wengine. Kwa mtu wa umri wako naona hiyo ni njia ya busara: tafuta kijana anayejua skripti, mgawane jina na fedha kwa maandishi. Wewe unajua mahabusu inanukaje. Yeye anajua tukio likatwe wapi. Kingine cha kujifunza kwa Burns ni kwamba msimu wa nne wa tamthilia ile, uliojaa maisha ya shule, haukutoka upolisi bali ualimu. Kwa hiyo usidhani kila kitu lazima kitoke kwenye madaftari. Kama baada ya kustaafu umeanza kufuga au unaendesha bodaboda, na hayo ni mali.

Sasa kesi za kweli. Hapa sitakupamba, kwa sababu Wambaugh mwenyewe aliungua. Vitabu vyake vya kesi za kweli vilimletea mashauri ya madai yaliyomchosha hadi akatamka wazi kwamba riwaya ni salama zaidi. Na kuna doa. Kwa kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu mauaji ya mwalimu mmoja na watoto wake Pennsylvania, ilikuja kujulikana kwamba alikubali kumlipa mpelelezi mkuu dola 50,000 kwa taarifa, kabla mshukiwa wa pili hajakamatwa. Mshukiwa huyo alihukumiwa kifo, na mwaka 1992 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikamwachia kwa sababu upande wa mashtaka ulificha ushahidi. Malipo hayakuwa ndiyo sababu ya kuachiwa, lakini fikiria: mpelelezi ana fedha zinazosubiri mwisho fulani wa hadithi. Mimi naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote katika kazi yake. Wewe umestaafu, lakini marafiki zako hawajastaafu. Usimlipe aliye kazini akupe jalada. Msikilize tu kwenye supu, kama Wambaugh alivyofanya uzeeni, alipokuwa anawaalika maofisa wachache chakula cha jioni na kuwaacha wazungumze.

Kwa hapa kwetu, nyaraka na habari zilizowekewa alama ya siri zinalindwa na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, na kustaafu hakukupi ruhusa ya kuzitoa. Kwa hiyo majina ya watoa habari yasiingie kabisa, hata kwa kubadilishwa, kama mtu wa mtaani anaweza kumtambua. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Watoto waliodhulumiwa usiwaguse kwa namna yoyote ya kuwatambulisha. Kesi ambayo bado iko mahakamani, iache.

Lakini usikate tamaa, kwani njia halali ipo na ni pana. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomwa bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Humo utakuta ushahidi, mabishano ya mawakili, na pengine jina lako mwenyewe ukiwa shahidi namba tatu wa mashtaka. Kilichoko kwenye hukumu kimeshasemwa hadharani. Anzia hapo, kisha badilisha: changanya kesi mbili, hamisha mji, geuza jinsia ya mhusika, mpe muuaji sababu nyingine. Kama umebadilisha jina tu na duka limebaki pale pale kona ya soko, hujabadilisha kitu.

Na maandishi huweza kumrudia mwenyewe. Mwaka 2002 Wambaugh alichapisha kitabu kuhusu John Orr, kapteni wa zimamoto na mchunguzi wa mioto wa mji wa Glendale, California, aliyekuwa akiandika riwaya ya zimamoto anayewasha mioto kwa siri. Moto mmoja wa riwayani ulifanana mno na ule wa duka la vifaa huko South Pasadena uliowaua watu wanne mwezi Oktoba 1984. Muswada ukasomwa mahakamani kama ushahidi, na Orr yuko gerezani maisha. Sikufananishi naye, afande. Ila ukiandika askari anayempiga mtuhumiwa hadi akiri, hakikisha ni wa kubuni, la sivyo kuna mtu atakutafuta na swali lake halitakuwa la kifasihi.

Kuhusu jina la bandia: kisheria halikukingi, mchapishaji analijua jina lako na mahakama inaweza kuliuliza. Kama lengo ni wenzako wasikutambue, watakutambua ukurasa wa tatu, hasa ukimweka yule OCS, mkuu wa kituo, ambaye kila kituo kinaye. Weka jina lako, cheo ukiache nje ya jalada la kitabu, na uniletee sura tatu za mwanzo zilizopigwa chapa. Madaftari yabaki nyumbani.